Mstari wa Chini wa Fishi

Mlipokuja kwangu hapa mtaa wa Ngezi, Bunia, ninyi vijana wa kituo, na ile kompyuta yenu nyembamba, mkaandika jina la mtafiti mmoja, na kabla sijavaa miwani makala zake zote zikawa zimejipanga pamoja na idadi ya watu waliozinukuu, mimi nilicheka. Mkadhani nimefurahi. Nilicheka kwa woga. Nimekuwa hivyo tangu miaka ya vita: nikiona majina ya watu yamepangwa vizuri mahali pamoja, natazama mlango kwanza.

Mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi hiyo kabla ya mashini. Nitaandika, lakini msitegemee nipange mambo mwaka kwa mwaka. Kupanga nilipanga vya kutosha nikiwa kazini. Sasa nitasimulia kama yanavyonijia.

Kituo chetu cha utafiti wa mimea kilikuwa na watafiti wachache na biro moja, yaani ofisi, ya nyaraka. Humo tulikuwa wawili, Papa Anselmi, mzee aliyekuwa mkuu wangu, na mimi. Kazi yetu ilikuwa kupima kazi za wengine. Kila mwaka makao makuu ya Kinshasa yalitaka kujua watafiti wetu wameandika makala ngapi, zimetoka katika majarida gani, na nani huko duniani amezinukuu. Mtafiti wa nchi nyingine akimaliza makala yake, huweka mwishoni orodha ya makala alizozitegemea. Ukikuta jina la mtu wetu katika orodha ile, umepata nukuu moja. Unafungua kabati, unatoa fishi ya mtu huyo, unaandika.

Fishi ni karatasi ngumu yenye ukubwa wa kiganja. Kila mtafiti alikuwa na yake, na zote zilisimama kwa mpangilio wa majina katika tirwari sita, zile droo ndefu za mbao. Mtaani waliniita Mama Fishi, na watoto wa jirani waliamini kwa muda mrefu kwamba kazini nafuga fisi. Walikuwa wananisalimia kwa heshima sana.

Mnasema kazi hiyo ilikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa wa macho na wa subira. Ndege za mizigo zilipoacha kuja, majarida yalipitia Uganda mpaka soko la Ariwara, mpakani, na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge alituletea Bunia yakiwa yamefungwa katikati ya mali yake. Mara nyingine yalifika yananuka samaki mkavu. Papa Anselmi aliyaanika kwenye kamba nyuma ya biro kama nguo, kisha akavuta kiti na kuanza kusoma kurasa za mwisho. Nilimkuta siku moja anasoma hivyo hivyo, mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi, na alipofika mwisho akaniambia kwamba katika jarida lile zima hapakuwa na jina letu hata moja. Alisema bila huzuni. Alilikunja na kuchukua jingine.

Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sweta ya sufu hata jua likiwaka, na penseli nyuma ya sikio. Mimi nilifika pale nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, lakini tangu siku ya kwanza aliniita Madamu. Alinifundisha mambo ambayo hata kompyuta yenu haiyajui. Kulikuwa na makala yetu moja juu ya wadudu wa maharagi ambayo ilinukuliwa kuliko zote za kituo. Nilimkimbilia kwa furaha. Yeye akaniuliza kama nimesoma walionukuu wamesema nini. Sikuwa nimesoma. Nikarudi nikasoma, na kumbe wote walikuwa wanamsahihisha mwandishi wetu, kwa sababu alikosea jina la mdudu. Idadi ile kubwa ilikuwa ya aibu tupu.

Daktari mmoja wa udongo alikuwa na tabia ya kujinukuu mwenyewe. Katika makala moja alijinukuu mara kumi na moja. Papa Anselmi alizitoa zote katika hesabu, na daktari alikuja biro na kusimama mbele ya meza akidai nukuu zake kama mtu anayedai mbuzi wake waliopotea. Tulimpa chai, na nukuu hakupata.

Na kulikuwa na Jean Ngabu, mtafiti wa muhogo. Huyo alipata aina ya muhogo inayovumilia ugonjwa wa majani, akaandika makala moja fupi, na ng'ambo hakuna aliyeijali. Lakini akina mama wa Fataki walipeana vipande vyake vya kupanda kutoka shamba hadi shamba. Papa Anselmi aligeuza fishi yake na kuandika nyuma kwa penseli: "Inalimwa Fataki." Kinshasa hawakuwa na nafasi ya jambo kama hilo katika fomu zao. Yeye aliandika tu.

Kosa langu kubwa la kwanza lilimhusu huyo Ngabu. Kituoni walikuwa wawili: Jean, mtu wa muhogo, na Joseph, mtu wa maharagi. Majarida ya ng'ambo hayaandiki jina la kwanza lote, yanaweka herufi moja. Kwa hiyo wote wawili walikuja kwetu kama Ngabu J. Mimi kwa miaka miwili niliweka makala za wote kwenye fishi moja. Kinshasa wakamtumia Jean barua ya sifa kwa kazi ambazo hakuzifanya, na Joseph wakamtumia barua ya kumuuliza anatumia muda wake kufanya nini. Joseph alinijia na barua mkononi. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Madamu, mimi niko mutu, ao niko kivuli ya Ngabu mwenzangu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Papa Anselmi hakunigombeza. Alikaa, akachonga penseli, akanionyesha dawa ya majina yanayofanana. "Batu bawili wanaweza kuwa na jina moja," alisema, "lakini hawakuzaliwa nyumba moja." Tangu siku hiyo kila fishi ilipata mstari wa chini wenye mambo matatu: jina la baba, mahali pa kuzaliwa, na avenyu, yaani mtaa, anakokaa sasa. Nilizunguka kituo kizima na daftari nikiuliza kila mtu. Walinijibu wakicheka, wengine wakinitania kwamba natafuta mchumba. Baada ya mwezi mmoja tulikuwa na fishi safi kuliko biro yoyote niliyowahi kuisikia. Nilijivunia mstari ule wa chini. Ulikuwa kazi ya mkono wangu.

Kisha vita ikaja.

Sitaandika hapa ni kabila gani lilipigana na lipi. Mnajua, na asiyejua ana bahati. Mimi ni mtu wa Mahagi, sikuwa wa upande huu wala wa ule, na ndiyo sababu niliweza kuendelea kwenda kazini wakati wenzangu hawakuweza. Vijiji vya Djugu vilikuwa vinawaka. Watu waliingia Bunia na magodoro kichwani, na baada ya miezi michache wengine wa Bunia walitoka na magodoro yao. Mji ulishikwa na hawa, ukashikwa na wale. Kila mara waliposhika wapya, tulikaa ndani siku mbili tatu, kisha tukatoka polepole, mmoja mmoja, kuangalia nani bado yuko. Watafiti wetu waliondoka hivyo hivyo. Lakini wengi waliacha familia. Mke wa Jean Ngabu na watoto walibaki katika nyumba yao. Mama mzee wa Joseph alikataa kuondoka. Alisema miguu yake haiwezi tena kukimbia mtu.

Asubuhi moja nikiwa njiani kwenda kazini nilikuta bariyeri mpya kwenye njia panda, mti umelazwa barabarani na wanaume wenye bunduki na mapanga wamesimama. Mbele yangu kulikuwa na mwanamume na kinga, baiskeli yake, amebeba mkaa. Walimuuliza jina. Akasema. Jina halikuwatosha, kwa sababu upande huu na upande ule walikuwa na majina yanayofanana. Wakamuuliza baba yake ni nani. Kisha wakamuuliza amezaliwa wapi. Kisha anakaa avenyu gani.

Ulikuwa mstari wetu wa chini, kwa mpangilio ule ule.

Walimpeleka nyuma ya ukuta. Kinga yake ilibaki imelala na mkaa umemwagika. Wakaniuliza mimi, nikasema Mahagi, wakaniambia nipite. Nilipita. Nilitembea mpaka kituoni bila kugeuka, na yale niliyoyasikia nyuma ya ukuta ule sitayaandika. Nilikuwa nawaza tirwari sita tu. Majina yote, baba zao wote, mahali pote pa kuzaliwa, na nyumba ambamo wake na watoto wao walikuwa wamelala usiku uliopita. Kila kitu kwa mwandiko wangu mzuri, kimepangwa ili mtu asipate taabu kutafuta.

Papa Anselmi alikuwa anasoma. Nilimwambia tuchome fishi zote, sasa hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. Nilipiga kelele, mimi ambaye sikuwahi kumwinulia sauti. Nililia. Alingoja nimalize, akasema, "Ukichoma yote, hawa batu hawakufanya kazi hata siku moja." Ilikuwa kweli. Nakala nyingine ya hesabu ile haikuwepo popote, hata Kinshasa. Ndipo akafungua mtoto wa meza na kutoa makasi mawili. Tutakata mstari wa chini, akasema. Jina na makala vitabaki.

Tukagawana. Tirwari tatu za kwanza zangu, tatu za mwisho zake. Tulikata siku nne. Vipande tulivitia ndani ya mbabula, jiko letu la mkaa, na kuweka birika juu yake, ili anayepita aone watu wanachemsha chai. Milio ya bunduki ilikuja kutoka upande huu, ikanyamaza, ikaja kutoka upande mwingine. Kila gari lilipopita barabarani mikono yangu ilisimama. Nilikata haraka, nikiangalia mlango zaidi ya nilivyoangalia karatasi. Fishi za watafiti nilizijua bila kusoma. Nyingine, za wageni waliopita kituoni zamani, ambazo zilikuwa fupi tangu mwanzo na hazina mstari wa chini, niliziruka.

Siku ya nne Papa Anselmi aliniita. Alikuwa amefika kwa akina Ngabu. Alikuwa ameshazikata zote mbili, na bado hakuridhika, kwa sababu fishi mbili zenye jina moja zinasema wazi kwamba kuna watu wawili, na mtu atataka kujua nani ni nani. Alichukua fishi mpya. Akaandika juu Ngabu J., akanakili chini yake makala zote za muhogo na zote za maharagi, moja baada ya nyingine kufuata mwaka. Mtu yule kwa miaka mingi alinirudisha kuandika upya kwa kosa moja la nukuu, na sasa nilimwona anaandika kwa mkono wake hesabu ambayo anajua si kweli. Zile mbili za zamani alizitia motoni yeye mwenyewe, na ile ya Jean aliisoma nyuma kwanza.

Walikuja siku iliyofuata, asubuhi, tulikuwa ndiyo tumefungua. Gari liliingia uani, wakashuka watatu. Wawili walisimama mlangoni na bunduki. Wa tatu, aliyekuwa komanda wao, aliingia. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alitusalimia vizuri. Aliuliza kama tuko wazima. Utaratibu wake ndio ulioniogopesha. Wale wanaopiga kelele angalau unajua wanataka uogope.

Kwanza alitazama ukuta. Nilikuwa nimebandika pale mchoro wa ripoti ya mwaka wa mwisho: majina ndani ya duara, na mistari inayotoka jina hadi jina kuonyesha nani amemnukuu nani. Nilikuwa nimekata fishi siku nne nikiupa mchoro ule mgongo, bila kuukumbuka. Bahati mwaka ule Jean hakunukuliwa, kwa hiyo Ngabu mchoroni alikuwa mmoja tu, Joseph.

"Hii iko nini?" aliuliza.

Nikamwambia ni ripoti ya kazi. Akaweka kidole kwenye duara moja. "Huyu Ngabu anafikiwa na mistari mingi. Ni yeye anaamuru hawa bengine?"

Sijawahi kueleza kazi yangu vibaya kama siku ile. Nilisema hakuna anayeamuru, mukubwa, ni makala, mtu anaandika juu ya muhogo, mwingine akiandika anasema nilisoma kwa huyu. Alisikiliza. Aliuliza kwa nini wanatumiana habari. Nikasema hawatumiani, wengine hawajawahi kuonana, wengine wameshakufa. Kisha akasema kwamba yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya mambo haya, na kwamba ni kama mwanafunzi kusema jibu lake amelitoa katika kitabu gani. Nilikubali haraka. Kwa muda mfupi nilipumua. Nilidhani tumepona.

Akavuta kiti, akakaa. Alisema amesikia kwamba mtafiti mmoja wa kituo hiki anaitwa Ngabu na anaandika ng'ambo mambo mabaya juu yao. Alisema pia ameambiwa Ngabu wako wawili. Mmoja hana shida naye. Anamtaka yule aliyezaliwa upande ule mwingine, na kama hayupo, anataka kuona nyumba yake.

"Ni mumoja tu," nilisema.

Akaomba fishi. Papa Anselmi aliitoa. Komanda alivaa miwani akasoma muhogo, maharagi, muhogo, maharagi. Akamgeukia Papa Anselmi. "Weye ndiye mukubwa wa hapa. Wako wangapi?"

"Mumoja," alisema Papa Anselmi.

Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kunisomea hesabu za mwisho wa mwaka. Nilitazama sakafu.

Komanda hakuonyesha kama ameamini au hakuamini. Alisimama, akavuta tirwari ya kwanza, akapitisha kidole juu ya fishi kama mtoto anavyopitisha kijiti kwenye ukuta. Aliuliza kwa nini zote zimekatwa. Mimi nikasema panya. Alinitazama juu ya miwani yake, akauliza ni panya gani anayekata sawasawa na rula. Papa Anselmi akasema tumezipunguza kwa sababu zilikuwa zinakwama zikifunguliwa. Komanda akafunga tirwari ya kwanza. Akavuta ya pili.

Katikati ya fishi zile fupi, moja ilikuwa imesimama ndefu.

Niliiona yeye akiwa bado hajaigusa. Sikujua ni ya nani. Aliitoa, akaisoma kwa sauti ya mwalimu, polepole, kila neno: Dheda Anselmi. Makala moja, juu ya namna ya kupanga nyaraka katika kituo kidogo. Halafu akasoma mstari wa chini.

Wanangu, nilifanya kazi na mtu huyo miaka kumi na nane. Mke wake alikuwa wa Mahagi kama mimi. Alisema kama watu wa Bunia, alikula kama watu wa Bunia, na sikuwahi kumuuliza ametoka wapi. Siku ile ndiyo nilijua, kutoka kinywa cha mtu yule, kwamba amezaliwa upande ule waliokuwa wanauwinda. Fishi ile aliiandika yeye mwenyewe zamani, alipokuwa ananionyesha mstari wa chini unavyotakiwa kuwa. Ilikuwa mfano wa kwanza, na mimi nilitazama namna alivyoupanga tu, si alichoandika. Mimi nilipokuwa nakata niliipita. Nilikuwa natafuta watafiti, na kichwani mwangu Papa Anselmi hakuwa mtafiti. Alikuwa mtu wa kuhesabu wengine.

"Hii iko ya nani?" aliuliza komanda, ingawa nadhani alishajua.

"Iko ya mimi," Papa Anselmi alisema. "Ni makala moja tu. Na hakuna mutu aliinukuu bado."

Komanda karibu atabasamu. Alitia fishi ile mfukoni. Alimwambia Papa Anselmi wanakwenda kuzungumza kidogo. Papa Anselmi alifunga vifungo vya sweta yake vyote, akatoa penseli nyuma ya sikio akaiweka mezani, akatoka mbele yao. Hakunitazama. Nimewaza sana jambo hilo, na naamini hakunitazama ili wale wasinitazame.

Mimi nilikaa kwenye kiti mpaka jua likahama dirishani. Kisha nikatoa mchoro ukutani, nikauchoma, nikachukua makasi na kupitia tirwari zote sita upya, fishi kwa fishi. Haikubaki nyingine. Ilikuwa ile moja tu.

Mke wake, Mama Veneranda, alijua nyumba waliyomweka. Alipeleka chakula kila siku, na siku nne sahani ilirudi tupu. Siku ya tano ilirudi na chakula kama alivyokipika. Alirudi nayo nyumbani, na hakwenda tena kule. Hatukupata mwili. Tulisali misa bila jeneza.

Familia za akina Ngabu hazikuguswa. Miezi yote ile nilizunguka njia ndefu kwenda kazini ili nipite mbele ya milango yao nione kama imefungwa kawaida. Utulivu uliporudi, wote wawili walirudi kituoni. Waliketi mezani kwangu na ile fishi moja, wakagawana makala zao, hii yangu, hii yako, na kulikuwa na moja ambayo kila mmoja aliapa si yake. Walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mimi nilitoka nikasimama uani, kwa sababu mwandiko uliokuwa mbele yao ulikuwa wa Papa Anselmi.

Jambo moja la kazi lazima mlijue, maana sasa iko mikononi mwenu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, fomu yake ilikuwa na nafasi ya mahali pa kuzaliwa, na haikukubali kuendelea ukiiacha wazi. Mimi niliandika Bunia. Kwa kila mtafiti, miaka yote mpaka nilipostaafu, Bunia. Mkaguzi mmoja kutoka Kinshasa aliwahi kushangaa kwamba mji mmoja umezaa watafiti wote hawa. Nikamjibu hewa yetu ni nzuri. Takwimu hiyo ni ya uongo na niliitunga mimi. Mkitaka kuisahihisha, ni haki yenu. Ila mkae kwanza mfikiri ni nani anaweza kuingia mlangoni kwenu kesho na kuisoma.

Mlipoondoka siku ile na kompyuta yenu, niliona siwezi kuwaandikia ninyi jambo ambalo sijamwambia Mama Veneranda. Anakaa avenyu ya pili kutoka hapa. Miaka yote hii tumekutana kanisani, tumesalimiana, nimenunua unga kwake, na kila mara aliponitazama kidogo zaidi nilipata sababu ya kuondoka. Nilikwenda alasiri. Alikuwa anachambua maharagi kwenye ungo. Nilimwambia kila kitu: kwamba tirwari ile ilikuwa yangu, kwamba niliipita fishi ya mume wake, kwamba ndiyo waliyomkamata nayo.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Yeye mwenyewe alikumbuka."

Sikumwelewa. Akanieleza polepole. Magaribi, siku ya kuamkia kukamatwa kwake, walipokuwa wanakula, Papa Anselmi aliacha tonge hewani. Alisema, ya mimi iko mule ndani, Madamu hakuiona. Mama Veneranda alimwambia arudi palepale aitoe. Lakini njia ilikuwa imeshafungwa na bariyeri. Akasema ataikata asubuhi, na kwamba mimi nisiambiwe, kwa kuwa nilikuwa natetemeka siku nne nzima na angependa nisiogope zaidi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hayo miaka yote hii.

"Weye uliniuliza?" alisema.

Sikumuuliza. Niliogopa.